Waridi la barafu lililonuka siki

Dar es Salaam. Ukifungua friza ya dada yangu siku hizi, pembeni ya vifurushi vya dagaa na nyama ya wiki utakutana na waridi. Waridi la barafu, lenye petali zake zote, ukubwa wa ngumi ya mtoto. Chini yake kuna kombe za baharini, samaki wadogo na glasi za kunywea, vyote vya barafu, vimepangwa kwenye sinia kama mayai.

Dada anauza barafu tangu akiwa na mimba ya mtoto wake wa kwanza. Alianza na zile za mifuko tunazozijua wote: za ubuyu, za ukwaju, za maziwa. Faida yake ni ya shilingi kwa shilingi, na umeme ukikatika mchana kutwa, mtaji wote unageuka maji. Kwa hiyo alipoona kwenye simu watu wakitengeneza maua na glasi za barafu kwa kalibu za silikoni walizojitengenezea nyumbani, akili yake ilikimbilia kwenye sendofu na harusi. Mji huu haukosi sherehe, na wenye sherehe hawapendi kufanana na waliotangulia.

Oda ya kwanza ilikuja haraka kuliko alivyotarajia. Glasi 60 za barafu kwa ajili ya juisi ya kukaribisha wageni, na maua ya kupamba beseni la vinywaji. Sherehe ilikuwa Jumamosi. Jumapili iliyotangulia akanipigia simu.

“Mdogo wangu, njoo na simu yako unipigie picha nzuri. Si wewe ndiye mwandishi?”

Nikaenda. Nikapiga picha mbili tatu, kisha nikalichukua lile waridi na kulisogeza karibu ili nione petali zilivyotoka. Lilinuka siki.

Silikoni ya madirisha

Nikamuuliza kalibu amezitengeneza kwa nini. Akanionyesha mrija mrefu wa silikoni, ule ambao mafundi wa aluminiamu huuchomeka kwenye bunduki yake na kuziba kingo za vioo. Alinunua mirija mitatu katika duka la vifaa vya ujenzi la jirani. Muuzaji alimwambia silikoni ni silikoni tu, ikikauka haina neno.

Namna alivyozitengeneza ni ya werevu, na lazima nikiri hivyo. Silikoni ya mrija hukauka kwa unyevu wa hewani, ndiyo maana ukiipaka nene, nje hukauka na ndani hubaki laini kwa siku nyingi. Ili ikauke yote kwa pamoja, watu huichanganya na konifulawa, ule unga mweupe laini wa kuongezea uzito mchuzi, au huikamulia kwenye maji yenye sabuni ya vyombo na kuikanda kama donge la chapati. Donge hilo hukandamizwa juu ya kitu unachotaka kunakili, na baada ya muda mfupi unabandua kalibu yako. Dada alinakili ua la plastiki, kombe aliyookota Kigamboni, na sanamu ya samaki iliyokuwa juu ya televisheni ya mama tangu mimi nikiwa darasa la pili.

Harufu ya siki inatoka hapo. Aina nyingi za silikoni za vioo, zikiwa zinakauka, huachia asidi ya asetiki, ambayo ndiyo ukali wa siki unaoujua jikoni. Hiyo yenyewe si sumu ya kutisha, na kwa siku kadhaa hupungua. Tatizo ni vile vingine visivyonuka. Silikoni nyingi zinazouzwa kwa ajili ya bafu na masinki huongezwa dawa za kuzuia ukungu, ili ule mstari mweupe pembeni ya beseni usigeuke mweusi. Zina vijazio na vilainishi ambavyo mtengenezaji hakuviweka akifikiria ulimi wa mtu. Aliviweka akifikiria dirisha. Na mara nyingi ukisoma nyuma ya mrija, kwa maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma, utakuta onyo kwamba bidhaa hiyo haifai kugusana na chakula.

Nilimsomea dada maandishi hayo. Alinyamaza kidogo.

“Hizi kalibu ni nane. Nimekesha usiku tatu,” akasema. “Na hela ya oda nimeshailia ada ya shule. Sasa wewe na uandishi wako wa afya, unataka nimrudishie mwenye sherehe nini?”

Sikuwa na jibu. Niliondoka tukiwa hatuelewani, na bakuli la mchuzi alilokuwa ameniwekea sikulichukua.

Kumbe tatizo lilikuwa kwenye ndoo

Jumanne usiku, saa tano, simu ikalia tena. Mpwa wangu wa miaka minne alikuwa anaharisha tangu alasiri na ameanza kulegea. Tulikutana kituo cha afya. Alipewa maji ya chumvichumvi, yaani ORS, na vidonge vya zinki, na tukaambiwa tuendelee nyumbani: pakiti moja kwa lita moja ya maji safi na salama, anyweshwe kidogo kidogo kila anapoharisha, na zinki miligramu 20 kila siku hata kama kuhara kumekoma, kwa siku 10. Asubuhi alikuwa anaomba chai.

Mtoto wa miaka minne anayeshinda barazani ana njia nyingi za kupata kuhara, na sitaibebesha barafu mzigo wote. Lakini usiku ule, tukiwa tumekaa kwenye benchi, nilimuuliza dada swali ambalo nilipaswa kumuuliza Jumapili, kabla sijaanza kusoma maandishi ya nyuma ya mrija. Maji ya barafu anayatoa wapi?

Nyumbani kwa dada maji ya kunywa huchemshwa. Kwa hilo ni mkali kama mama yetu. Lakini maji ya barafu za maua aliyachota moja kwa moja kwenye ndoo ya kisima cha jirani. Kwa nini ayachemshe, wakati yanakwenda kuganda? Baridi ile si inaua kila kitu?

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimeandika kuhusu kipindupindu zaidi ya mara moja, na bado kwa siku mbili nzima nilikuwa nimegombana na dada yangu kuhusu silikoni huku hatari kubwa zaidi ikiwa imejaa ndoo, imefunikwa na sahani.

Baridi ya friza haiui vijidudu wengi wa maradhi ya tumbo. Inawasimamisha tu. Friza ya nyumbani hukaa kwenye nyuzi 18 hivi chini ya sifuri, na kwa bakteria wengi na virusi hiyo ni sawa na kulazwa. Baadhi hufa, wengi hubaki, na barafu inapoyeyuka mdomoni au kwenye glasi ya juisi wanaamka na kuendelea na safari yao. Homa ya matumbo, homa ya ini aina ya A, kuhara damu na kipindupindu, vyote vinaweza kupita njia hiyo. Peru, ilipokumbwa na kipindupindu mwaka 1991, vinywaji vya mitaani vyenye barafu vilikuwa miongoni mwa vilivyonyooshewa kidole. Na sisi wa Dar es Salaam tunaokumbuka Agosti 2015, kipindupindu kilipoanzia Kinondoni, tunajua jinsi wauza vinywaji vya mitaani walivyoambiwa wafunge.

Ndiyo maana kanuni ni moja, na haibadiliki kwa sababu kalibu ni nzuri: maji yasiyofaa kunywewa hayafai kugandishwa kwa ajili ya kuliwa. Chemsha mpaka yatokote kabisa kwa angalau dakika moja, na ukiwa sehemu za nyanda za juu zinazozidi mita 2,000 yaache yatokote dakika tatu. Yapoe yakiwa yamefunikwa. Kama mkaa ni tatizo, vidonge vya kutibu maji vipo madukani. Soma kwenye pakiti kidonge kimoja ni cha lita ngapi na usubiri dakika zilizoandikwa kabla ya kuyatumia. Kuosha mikono kwa sabuni kabla ya kushika kalibu nako ni muhimu, kwa sababu kalibu ya waridi ina kona ishirini ambazo kidole kinaingia na brashi haiingii.

Nikiwa hapo hapo niwaguse na wauzaji wa barafu za mifuko, biashara iliyotulea wengi. Mama anaweza kuchemsha maji vizuri kabisa, kisha mifuko ikaangushwa kwenye deli lenye maji ya kuyeyuka ya tangu asubuhi. Mtoto haifungui kwa mkasi. Anang’ata kona kwa meno na kutema. Kwa hiyo nje ya mfuko nako ni sehemu ya chakula.

Jinsi ya kupata kalibu ya kweli

Jumatano nilimpeleka dada Kariakoo. Tulizunguka sana, maduka matatu hawakuelewa tunachotafuta, la nne likatuelekeza kwa wauzaji wa vifaa vya keki.

Silikoni ya kumimina huuzwa ikiwa chupa mbili, A na B, ambazo zikichanganywa ndipo huganda. Ziko za familia mbili. Ya kwanza hugandishwa kwa kichocheo cha bati. Ni ya bei nafuu, hupendwa na watengeneza sanamu na vigae vya plasta, na haifai chakula. Ya pili hugandishwa kwa kichocheo cha platinamu, na humo ndimo zinamopatikana zile zilizothibitishwa kwa chakula. Ninasema humo ndimo zinamopatikana, si kwamba zote za platinamu zinafaa. Lazima iandikwe wazi kwenye chupa kwamba ni ya kugusana na chakula. Muuzaji akikwambia kwa mdomo tu, fanya kama hujasikia. Bei yake ilikuwa mara kadhaa ya ile ya madirisha, na dada alihesabu noti zake mara mbili kabla ya kuzitoa.

Kazi yenyewe si ngumu, ila haitaki ukaidi. Kitu unachonakili kiwe kisafi na kikavu, ukibandike chini ya kikopo kirefu kidogo kuliko chenyewe. Epuka sanamu za zamani zilizopakwa rangi usizozijua, maana rangi za kale huweza kuwa na risasi na hutaki zisugue ndani ya kalibu ya chakula. Samaki wa mama alistaafu hapo. Pima A na B kama ilivyoandikwa, kwa mizani ya jikoni kama ni kwa uzito. Nyingine ni nusu kwa nusu, nyingine sehemu kumi kwa moja, na ukikisia haitaganda vizuri, na silikoni isiyoganda vizuri huachia mabaki. Koroga taratibu ukikwangua pembeni. Mimina kwa mkondo mwembamba kwenye kona moja, uiache ipande yenyewe, mapovu yatapasuka njiani.

Kuna kitu kimoja kilitupotezea kalibu ya kwanza. Silikoni ya platinamu haipatani na salfa. Glavu za mpira wa kawaida zina salfa, na baadhi ya udongo wa kufinyangia nao unayo. Ukizishika kwa glavu hizo, sehemu zilizoguswa hubaki zikinata kama ulimbo. Kalibu inayonata haisubiriwi ikauke wiki ijayo. Inatupwa.

Ikishaganda kwa muda ulioandikwa, ioshe kwa maji ya moto na sabuni. Baadhi ya watengenezaji hushauri pia ipashwe joto kwenye oveni kabla ya kutumika kwa chakula, na silikoni nzuri haitishiki na joto hilo, kama isivyotishika na friza. Hiyo ndiyo raha yake. Plastiki ngumu ukiigandisha hukauka na kupasuka, silikoni hubaki laini, unaigeuza nje ndani kama soksi na ua linatoka zima.

Usijaze mpaka juu. Maji yakiganda huongezeka kwa takriban asilimia tisa, na waridi lililojazwa pomoni hutoka na kitambi.

Wengi huuliza kwa nini barafu ya nyumbani huwa na ukungu mweupe katikati. Maji huanza kuganda kutoka pande zote kwenda ndani, na barafu inapojijenga husukuma hewa na madini mbele yake mpaka vinakwama katikati. Kuchemsha hupunguza kidogo tu. Ukitaka barafu ya kupita mwanga, weka maji kwenye deli dogo lisilo na mfuniko ndani ya friza, yagande kutoka juu kwenda chini, kisha utupe sehemu ya chini yenye ukungu. Lakini hiyo ni ya kukata vipande, si ya kalibu ya ua. Kwa ua, ule ukungu huleta petali vizuri, na dada anadai wateja wanaupenda. Maji ya visima vyetu vyenye chumvi, hata ukiyachemsha, yatatoa barafu laini na yenye weupe zaidi.

Glasi, na wanaotafuna barafu

Kwa glasi 60, kalibu za silikoni zisingetosha. Tulirudi kwenye njia ya kizamani: kikombe kikubwa cha plastiki cha chakula, maji robo yake, ndani yake kikombe kidogo kilichojazwa maharage ili kizame, utepe wa gundi juu kukishika katikati. Ikiganda, unamwaga maji ya vuguvugu yaliyochemshwa kwenye kikombe cha ndani, kinachomoka. Ukuta uwe na unene wa kidole. Kabla ya kumimina juisi, glasi ikae nje ya friza dakika chache, la sivyo itapasuka mkononi mwa mgeni. Kule Jukkasjärvi kaskazini mwa Sweden, kwenye hoteli inayojengwa kwa barafu ya mto Torne, wageni huuziwa vinywaji katika glasi za namna hii, lakini wao wana majira yanayowasaidia. Sisi tuna Februari.

Dakika hizo chache ni muhimu kwa watoto pia, kwani barafu iliyotoka friza sasa hivi hunasa kwenye ulimi na midomo na kuichubua. Na maumbo madogo, hasa ya mviringo, yasipewe watoto wa chini ya miaka minne. Barafu huyeyuka, ndiyo, lakini koo la mtoto halisubiri iyeyuke.

Jambo la mwisho nililonong’onezana na dada, kwa sababu hatukutaka mama asikie. Mwenzetu mmoja pale nyumbani, mjamzito, alikuwa akipita kwenye friza kila saa na kutafuna vipande vilivyovunjika. Wengi huchukulia ni utani wa mimba, kama kula udongo wa Pemba. Hamu kubwa ya kutafuna barafu kila siku mara nyingi huendana na upungufu wa madini chuma mwilini, na mwanamke mwenye hamu hiyo, awe mjamzito au la, anastahili kupimwa wingi wa damu. Pia meno huvunjika. Alikwenda kliniki Ijumaa, na amerudi na vidonge.

Jumamosi

Zile kalibu nane za silikoni ya madirisha dada hakuzitupa. Tulibishana hapo tena, na safari hii nilishindwa kidogo. Ameziandika kwa kalamu ya wino mzito, MAPAMBO TU, na anazihifadhi kwenye ndoo yake peke yake yenye mfuniko. Maua yake hupamba nje ya meza ya keki, chini ya taa, ambapo hakuna anayeyaokota. Maua ya kukaa kwenye beseni la soda na maji ya chupa yalitoka kwenye kalibu mpya, maana mgeni huchukua chupa iliyolowa na kuiweka mdomoni.

Glasi zilizofika ukumbini zilikuwa 53. Nne zilipasuka kwenye bodaboda, tatu mimi nilizidondosha. Juisi ilikuwa ya mabungo. Kila glasi ilikalishwa kwenye leso ya karatasi, na kwa joto la ule ukumbi zilidumu kama dakika 20 kabla ya kuanza kuvuja. Shangazi mmoja wa bibi harusi alimaliza juisi, akaitazama glasi yake, akatutazama sisi, akauliza glasi inarudishwa wapi.

Dada amepata oda nyingine mbili. Mpwa wangu anataka samaki wa barafu, na kila nikifika anauliza swali lile lile kabla hata hajaniamkia: “Mama mdogo, haya maji yamechemshwa?”